Wajapani wa Zamu

Matatu ya Kisumu kwenda Kakamega haiondoki mpaka ijae, na anayeamua kwamba imejaa ni utingo peke yake. Asubuhi ile kulikuwa na gunia la omena karibu na dereva, kuku wawili waliofungwa miguu, na mtoto wa mama aliyekaa ubavuni mwangu, ambaye alikabidhiwa goti langu bila mtu kuniuliza. Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Nairobi. Ng'ambo ya Nakuru sikuwa nimewahi kufika, na basi la usiku lilinipitisha Kericho nikiwa nimelala, majani chai na yote. Kwa hiyo safari yangu naihesabia kuanzia pale stejini Kisumu, alfajiri, na ile harufu ya omena.

Ukishapita Kiboswa barabara inapanda na ziwa linabaki nyuma. Ikweta unaivuka bila kuhisi chochote. Kisha yanaanza mawe ya Maragoli: mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana, mengine yanaizidi nyumba kwa ukubwa, na kila palipobaki udongo baina ya jiwe na jiwe pamelimwa. Mahindi, migomba, kaburi la babu, kibanda cha ng'ombe, mahindi tena. Nilitafuta mahali patupu sikupaona. Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hao ni watu wa shamba, si wa ghorofa. Nilijiuliza kuni wanazitoa wapi, swali ambalo baadaye lilinipeleka mahali.

Lakini kilichonitoa Nairobi ni Wajapani.

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili. Wengi huanza na "jambo" na kwa muda mrefu huishia hapo. Wajapani huja wakiwa wameshajua ngeli. Wale wa kujitolea, wanaoletwa na JICA, shirika la serikali yao la ushirikiano wa kimataifa, hukaa kwanza zaidi ya miezi miwili katika vituo vya mafunzo vya Komagane au Nihonmatsu wakisomeshwa lugha kutwa. Wakinifikia, langu ni kuwalegeza ulimi tu na kuwaambia kwamba si lazima kila sentensi ikamilike. Mpango wenyewe ulianzishwa Tokyo mwaka 1965, na mwaka uliofuata wa kwanza wao walikuwa tayari wako Kenya. Wengi wamefundisha hisabati na sayansi, wengine wameshughulikia kilimo, afya, ufundi, au watoto waliokosana na sheria. Wanapewa miaka miwili, kisha wanarudi kwao.

Kabla ya kupanda ndege hupita kuniaga, na hapo ndipo huwa nawaonea wivu watu wa bara. Nilimpeleka mtu na Kiswahili cha vitabu, ananirudia anasema "ako hapo" na "musichana", anacheka kwa sauti kubwa, na mkono ukimpa hakuachii mpaka habari za nyumbani ziishe. Mmoja wa waliokuwa wamepangiwa Kakamega nilimuuliza wako Wajapani wangapi kule.

"Tuko wengi, mwalimu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi niko mimi."

Hakuwa anafanya mzaha. Jibu hilo nilikaa nalo muda mrefu, kwa sababu Nairobi Wajapani unawaona. Wana ubalozi, wana makampuni, wana shule yao huko Karen ambako watoto husoma mtaala wa kwao ili baba akihamishwa wasipotee darasani. Jumamosi unawakuta katika hoteli zao za samaki mbichi. Hiyo ni jamii ya wageni kama jamii nyingine za wageni, ina ua na lango na askari mlangoni. Kakamega, kwa hesabu ya siku yoyote, ina Mjapani mmoja, labda wawili, na pengine haina hata mmoja. Huo wingi alioutaja ulikuwa wapi?

Mvua ilinipokea. Mji huu asubuhi una jua safi na kufika saa tisa mchana mbingu zinanguruma, ndiyo maana mimea yake ni ya kijani isiyo na aibu. Nilipita kando ya Bustani ya Muliro, nikapanda bodaboda upande wa Lurambi. Mwanafunzi wangu, binti wa Hokkaido anayefundisha sayansi katika shule ya sekondari nje ya mji, alikuwa kazini hadi jioni. Alikuwa ameniagiza nifikie kwa mama mwenye nyumba.

Mama huyo ni muuguzi mstaafu. Plot yake ina nyumba kubwa ya kwake na nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma, yenye mparachichi mlangoni. Nilisema hodi, nikakaribishwa, na kabla sijakaa akaniuliza:

"Mulembe. Wewe ndiye ulifundisha hawa watoto kuniambia shikamoo?"

Nikakiri kwamba ndimi.

"Yule wa kwanza aliponiambia hivyo nilifikiri anaumwa. Huku sisi tunasalimia na mkono."

Chai ililetwa, ya maziwa matupu, na simulizi ikaanza. Hakuwapanga kwa miaka wala kwa majina bali kwa kazi zao na kwa makosa yao madogo. Yule wa hisabati, ambaye alifua nguo usiku kwa haya. Yule wa watoto wa korti, ambaye alilia siku mtoto mmoja alipotoroka, na akalia tena aliporudishwa. Yule aliyeletewa baiskeli akaanguka nayo mtaroni mara nyingi hata fundi wa baiskeli akawa rafiki yake. Kuna aliyekuja mwezi wa mvua kubwa akaitwa Nafula, jina linalompasa aliyezaliwa wakati wa mvua, na sasa huko Japani, akimwandikia mama salamu, anamalizia kwa jina hilo. Mama alijua nani aliolewa, nani ameacha ualimu, nani baba yake amefariki. Nilipomuuliza kama wao kwa wao wanajuana, alinitazama kwa mshangao. "Watajuanaje? Huyu anapofika yule ameshaondoka. Mimi ndiye ninawajua."

Hapo nililipata jibu nililolifuata. Wajapani wa Kakamega ni wengi kweli, ila hawajawahi kukaa pamoja. Wanaishi kwa zamu. Mtu anayewaunganisha, anayejua nasaba yao na kuweza kumwambia wa leo mambo ya wa jana, ni mama wa Kiluhya mwenye funguo kiunoni. Jamii yoyote ina mzee wake, na mzee wa jamii hii ndiye huyo aliyekuwa akinimiminia chai.

Alinionyesha stoo. Kila mmoja aliyeondoka aliacha kitu kwa ajili ya mwenzake asiyemjua: sufuria nzito ya wali, mwavuli, viatu vya mpira, kisu kizuri ambacho mama hawaruhusu wajukuu wakiguse, ramani ya Kenya yenye alama za kalamu nyekundu. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na daftari lenye jalada la nguo. Limeandikwa kwa mikono tofauti, yote kwa Kijapani. Mama hasomi hata herufi moja, na kwa miaka yote amekuwa akishuku kwamba humo anasemwa. Jioni binti wa Hokkaido aliporudi tulimwomba atusomee. Lilikuwa daftari la mambo ya kawaida kabisa: bodaboda yupi haendeshi mbio, siku gani samaki wabichi hufika sokoni kutoka Kisumu, makaa yanauzwaje, umeme ukikatika ufanyeje, maneno ya kumtuliza mbwa. Ukurasa mmoja ulimhusu mwenyewe mama. Siku ya kwanza, uliandikwa, mama atakuletea mboga inayovutika. Usiogope. Utaipenda.

Mama alicheka mpaka akafuta macho na leso.

Mboga inayovutika ni mrenda, na usiku ule tulikula mrenda na ugali, na kuku kwa heshima ya mgeni. Wageni wengi, mama alisema, hupima mrenda kwa uma, wakaona unanyumbuka, wakasukuma sahani. Wajapani hawajawahi. Hili halikunishangaza. Ni watu wanaokula bamia kwa ajili ya ule utelezi wenyewe, na maharage ya soya yaliyochachuka mpaka yakatoa nyuzi. Tena mrenda uko Japani: ni mmea uleule Wamisri wanaouita mulukhiya, na tangu miaka ya 1980 unalimwa na kuuzwa Japani kwa jina la moroheiya, wakiusifu kwa afya. Binti alisema bibi yake huununua dukani umefungwa katika plastiki, majani machache kwa bei ambayo hapa ungepata beseni. Mama akataka kujua bei hiyo kwa shilingi. Alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza mizigo ya ndege inatozwaje.

Nilimuuliza binti kama upweke haumsumbui. Alisema wiki za kwanza ulimsumbua. Kuna wenzake Siaya na Busia na Kisumu, hukutana mara mojamoja Kisumu wakapika wali wa kari na kuzungumza lugha yao mpaka usiku. Kinachomchosha zaidi ni watoto wa barabarani kumwita Mchina. Tangu makandarasi wa Kichina waanze kutengeneza barabara za nchi hii, kila mwenye macho ya aina ile ni Mchina mwenye mradi. Zamani Mjapani aliitwa mzungu tu, mama aliongeza kwa kumfariji, sijui kama ilisaidia.

Mwaka 2020 mnyororo ulikatika. Machi ile korona ilipoenea, Japani iliwaita nyumbani watu wake wote wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia, na aliyekuwa kwa mama alipata siku chache za kufunga mizigo. Aliacha nguo kwenye kamba. Mama alizianua, akazipiga pasi, akaziweka. Alingoja, kodi ikawa haiji, hatimaye akampangisha mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mtu mwema ila aliyeunguza ile sufuria ya wali. Alama bado iko chini. Alipokuja binti huyu, mama alimpa sufuria pamoja na maelezo kamili ya nani aliyeiunguza, ili lawama isiiangukie zamu yake.

Asubuhi nilifuatana na binti shuleni kwake. Safari ilikuwa fupi na yenye matope, nami sitaieleza. Nilichokifuata ni mazungumzo na mwalimu mmoja wa fizikia, mzee wa chumba cha walimu, aliyeuona upande mwingine wa Wajapani. Mwaka 1998 JICA na wizara ya elimu walianza mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ule ambao kila mwalimu wa Kenya anaujua kwa jina la SMASSE. Ulijaribiwa kwanza katika wilaya 9, na katika hizo Kakamega, Lugari na Butere-Mumias zilikuwemo.

"Tulienda tukinuna," aliniambia. "Likizo yako unaitwa darasani, na posho hakuna. Chai na chakula cha mchana tu. Watu walilalamika mpaka wakachoka."

Na baadaye?

Alifungua kabati. Ndani kulikuwa na chupa za soda zilizokatwa, vifuniko, nyaya, betri kuukuu, mizani iliyotengenezwa kwa rula na uzi. Kabla ya hapo, alisema, shule isiyo na maabara ilikuwa inafundisha jaribio kwa kulisimulia. Mwanafunzi anaandika rangi imebadilika bila kuiona rangi. Waliyofundishwa yalikuwa manne: panga, tenda, tazama, boresha. Na kwamba kifaa kikikosekana, kitengenezwe. Nilimuuliza kama aliwahi kufundishwa na Mjapani mwenyewe. Aliwaona wawili watatu waliokuja kukagua, wakakaa nyuma ya darasa wakiandika, wakaondoka. Waliomfundisha ni Wakenya wenzake waliofundishwa Nairobi. Hilo nalo ni tabia ya jamii hii: hata pale kazi yao ilipokuwa kubwa, wao wenyewe hawakuonekana.

Kuna waliokuja kutazama tu, na hao nao wana sehemu yao. Watu wa Isukha, ambao nchi yao inaanzia pale msitu wa Kakamega unapokutana na mashamba ya Shinyalu, wameandikiwa kitabu kizima juu ya koo zao na mtaalamu wa anthropolojia, Nobuhiro Nakabayashi. Kilitoka mwaka 1991, kwa Kijapani. Kwa hiyo koo za Isukha zimepangwa katika rafu za maktaba ambako hakuna Muisukha anayeweza kuinuka akasema, hapana, huyo si mjomba wetu. Mwenzake, Motoji Matsuda wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliwafuata Wamaragoli mpaka Kangemi, Nairobi, akachunguza wanavyoishi mjini bila kuikata kamba ya nyumbani. Kitabu chake cha Kiingereza kilichapishwa mwaka 1998. Kangemi si mbali na ninapolala. Siri za majirani zangu zilijulikana Kyoto kabla sijawajulia hali.

Msituni nilipitisha nusu siku, nikasikia hondohondo, nikatafuna mzizi wa mukombero niliouziwa njiani, nikarudi. Aliyewahi kuuona msitu huo atanisamehe ufupi huu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye kuni.

Kabla ya mwaka 1990 Vihiga yote ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega, kwa hiyo ninapokwenda Enzaro, kijiji cha Vihiga, sijioni nimetoka nje ya mada. Nilishuka Mbale, nikachukua bodaboda, tukapita njia za udongo mwekundu baina ya boma na boma. Kijiji hiki kina jina Japani. Kwa miaka mingi aliishi Kenya mwanamke mmoja wa Kijapani, Kesa Kishida, mtaalamu wa chakula na lishe, mzaliwa wa mwaka 1943 katika mji wa Tono, mkoa wa Iwate. Tono ni nchi ya milima na baridi, maarufu kwao kwa hadithi za mazimwi wa mitoni na kwa nyumba za zamani ambamo farasi na watu walilala chini ya paa moja. Mmaragoli ambaye babu yake alilala nyumba moja na ng'ombe haoni ajabu hapo.

Kishida alipofika Enzaro miaka ya 1990 aliona jambo ambalo wengi walikuwa wameliona bila kulitazama. Mama anainama juu ya mafiga matatu, moshi machoni, mtoto anatambaa karibu na moto. Sufuria moja kwa wakati mmoja. Kuni zinatoka mbali, na kwa kuwa zinatoka mbali haziwezi kupotezwa kwa kuchemsha maji ya kunywa. Kwa hiyo maji yananywewa mabichi, na watoto wanaharisha. Moto na kuharisha vilikuwa tatizo moja. Alikumbuka jiko la udongo la utotoni kwao Tono, akakaa na akina mama wakalijenga upya kwa mawe na udongo wa palepale. Lina mdomo mmoja wa moto na matundu matatu juu: ugali hapa, mboga pale, na la tatu maji, yanayochemka kwa kuni zilezile. Kuni zikapungua hadi kiasi cha robo. Senti haikutoka. Alifundisha pia kusuka kandambili, miguu ya watoto isiingiwe na wadudu. Alifariki mwaka 2010. Mwaka 2004 Yumiko Sakuma aliandika kitabu cha watoto kuhusu jiko la Enzaro, na picha zikachorwa na Toshiki Sawada, hivyo wako Wajapani waliokua wakilijua jina la kijiji ambacho mimi, Mkenya, nilikisikia ukubwani.

Kinachonichekesha ni kwamba jiko hilo lilikuwa limeshakufa lilikotoka. Mwaka 1955 Toshiba walitoa sufuria ya umeme ya kupikia wali, gesi ikaenea, na jiko la udongo likabomolewa nyumba kwa nyumba. Kishida alikuwa wa rika la mwisho kulijua kwa mikono.

Nilipelekwa kwa mama mmoja anayejenga majiko hayo. La kwake lilikuwa limepakwa udongo laini, limeng'aa, na juu ya moto mmoja palikuwa na maharage, chai, na sufuria ya maji yenye kifuniko. Pembeni niliona mtungi mdogo wa gesi. Nikauliza.

"Hiyo ni ya chai ya haraka, watoto wakienda shule. Maharage na gesi? Utafilisika."

Hakuwa na maneno matamu juu ya jiko. Likipasuka unalikandika. Ukichagua mawe mabaya yanalipuka. Ukilijenga fupi unarudi kulekule kuinama, kwa hiyo huwezi kulijenga mpaka umpime mwenye kupika, kiunoni. Nikamwambia huko lilikotoka hawalitumii tena.

"Basi watu wao wanapika wapi?"

"Umeme."

Akafikiri. "Na ukikatika?"

Sikuwa na jibu, nikasema nyumbani Nairobi nina uwanja mdogo nyuma, labda naweza kujenga moja. Akauliza mke wangu ana urefu gani. Nikamwambia anayepika ni mimi. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kiunoni, akamwita jirani yake ng'ambo ya ua kwa Kimaragoli, na wote wawili wakaanza kuhesabu mawe.